Mwaka wa Ufa, Kwa Mugiriki

Tulipomaliza kumzika Mama Riziki tuliteremka hadi uani kwa shemeji zake, kule Cyanzarwe, tukanawa mikono kama desturi inavyotaka, tukakaa kwenye mabenchi ya kukodi chini ya turubai la bluu. Chupa za soda zilipita. Wakubwa wa ukoo walisema yao, mchungaji akasema yake, na halafu ukaja ule wakati ninaoupenda katika misiba yetu, wakati watu wanapolegea na kuanza kumzungumzia marehemu kama mtu na si kama mfano. Mmoja nyuma yangu aliuliza ilikuwaje mwanamke wa mjini kama yule akaja kuzeekea katikati ya mashamba ya viazi. Jirani yake akajibu kwamba alifukuzwa na mwenye nyumba. Wa tatu akasema hapana, aliogopa volkano. Mzee mmoja, kwa uhakika wa mtu ambaye hakuwepo, akasema aligombana na wapangaji wenzake juu ya zamu za jiko. Nimefanya kazi ya habari kwa muda mrefu, kwanza redioni, baadaye magazetini, na nimezoea kusikia jambo moja likisimuliwa kwa njia tatu, zote zikiwa na makosa. Nilifungua soda yangu. Lakini Riziki mwenyewe, binti yake, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na ana ofisi yake mjini, alikuja akakaa karibu nami, akavua viatu vilivyojaa udongo mweusi, akasema polepole: "Shangazi, wewe ulikuwepo. Mimi nakumbuka godoro likishushwa kwenye ngazi, basi. Kwa nini tulihama?" Pale uani hapakuwa mahali pa kujibu. Nilimwambia nitamwandikia, na hiki ndicho ninachoandika.

Jengo lenyewe bado lipo. Ukitoka sokoni Gisenyi ukiteremka kuelekea ziwani, kabla hujashika barabara ya Grande Barrière iendayo mpakani, utaliona upande wa kulia, limebanwa kati ya hoteli mbili za vioo ambazo hazikuwepo enzi zetu. Ni ghorofa mbili juu ya duka, msingi wa mawe meusi ya volkano, matofali juu yake, na baraza refu la mbao kila ghorofa. Watu wote huliita Kwa Mugiriki, hata vijana wa pikipiki ambao hawajawahi kumwona Mgiriki yeyote. Historia yake niliikusanya mwaka ule niliokaa humo, kipande kwa kipande, kutoka kwa yeyote aliyekubali kusimama kwenye ngazi na kuzungumza. Alilijenga mfanyabiashara Mgiriki aliyenunua kahawa wakati wa Wabelgiji. Chini aliweka ghala, juu akajenga vyumba vya mawakala wake, kila kimoja na bafu lenye beseni kubwa la chuma cha kupakwa rangi nyeupe, na jiko akaliweka nje, mwisho wa ua, kwa sababu mke wake hakutaka harufu ya vitunguu ipande juu. Mgiriki alipoondoka akaja Mhindi wa vitambaa. Baada ya Mhindi wakaja watumishi wa serikali na familia zao, na wao ndio waliogawa vyumba kwa mbao nyembamba, kikawa chumba kimoja kinakaliwa na watu wa nyumba mbili. Baadaye kikaja kile kipindi ambacho nchi nzima ilimwagika, na watu hao wakavuka mpaka. Sisi tulipoingia, kutoka Kongo, Uganda na Tanzania, tulikuta misumari ya picha zao ukutani. Tuliitumia kutundikia zetu. Nilipokuwa kijana niliona hilo ni jambo dogo. Sasa kila ninapoingia nyumba ya kupanga macho yangu hutafuta misumari kwanza.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimelelewa Kigoma, na nilifanya kazi ya kupiga mashine kwa wakala mmoja wa forodha karibu na mpaka. Kutwa nzima niliandika maharage, saruji, sabuni, majani ya chai. Kiswahili changu cha shule kiliwafurahisha majirani kama vile mtu anavyofurahia kofia ya ajabu. Waliniita Tanzania, si jina langu, na baada ya mwezi mmoja niliacha kuwasahihisha. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya kwanza, upande wa mlimani, na juu yangu barabara aliishi Mama Riziki na binti yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Mama Riziki aliuza vitenge chumbani mwake. Alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka, akafukuzwa huko, akaishi kambini, akaishi katika darasa la shule pamoja na familia nyingine, mume wake alipofariki akaishi Cyanzarwe uani kwa ndugu za mume. Kwa Mugiriki ndipo mahali pa kwanza alipofunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, akinionyesha lile beseni la bafu ambalo alihifadhia makaa. "Wazungu walikuwa nanawa humu mwili muzima," alisema. "Mi naweka makala. Kila mutu na uchafu wake." Kuhusu Cyanzarwe alisema jambo moja tu, na alilirudia mara nyingi mwaka ule: "Pale niko mugeni hata kwa kuteka maji."

Halafu, Januari ya mwaka elfu mbili na mbili, volkano ya Nyiragongo ilipasuka na moto wake ukashuka hadi katikati ya Goma. Mengi yameandikwa kuhusu siku zile na sitayarudia. Ninachokumbuka mimi ni baraza letu. Watu wa Goma walivuka mpaka na magodoro vichwani, na jioni moja hapakuwa na nafasi ya kukanyaga kutoka ngazi hadi mlango wangu. Mama Riziki alikoroga uji katika sufuria ya kukodi akawa anapita akigawa kwa vikombe vya plastiki, akiuliza kila mtu, "We wa quartier gani?" na mtu akitaja mtaa wake yeye alitikisa kichwa, kwa maana aliijua mitaa yote iliyozama. Ardhi ilitetemeka siku nyingi baada ya hapo. Kila ikitetemeka, mazungumzo yalikatika, watu wote walitazama juu, kisha yaleyale yakaendelea pale yalipoachwa, hata kama ilikuwa bei ya viazi. Wageni walipoanza kurudi kwao, au kutafuta vyumba vya kupanga mjini, tuliweza kuona ukuta wetu tena, na ukutani kulikuwa na ufa. Ulianza kwenye kona ya dirisha la Mama Riziki, ukateremka kwa ngazi ngazi kufuata matofali, ukatokea barazani, ukapita ukuta wa ngazi, ukaishia juu ya kitanda changu.

Mwenye jengo alikuwa mfanyabiashara aliyeishi Kigali. Alimtuma injinia, kijana mrefu, mpole, aliyevaa viatu visivyofaa kwa matope yetu. Alipita na kipimo chake, akagonga ukuta kwa fundo la kidole, akasikiliza. Kisha akafanya jambo lililotushangaza. Hakuziba ufa. Alichanganya plasta nyeupe kidogo katika kopo, akabandika viraka vitatu, vya ukubwa wa kiganja, vikiuvuka ufa huku na huku: kimoja kwenye ngazi, kimoja barazani, kimoja chumbani kwa Mama Riziki. Alitueleza kwa utulivu. Plasta hainyumbuki. Ukuta ukiwa umetulia, kiraka kitabaki kizima. Ukuta ukiwa unaendelea kusogea, hata kwa kiasi kidogo tusichoweza kukiona, kiraka kitapasuka. Atarudi mvua zikipungua. Vikiwa vizima, tutaendelea kuishi kama kawaida. Kikipasuka hata kimoja, atafunga vyumba vya juu upande ule, atapunguza uzito wa ukuta na kuufunga kwa vyuma. "Kwa hiyo tusiuguse ufa," nilisema. "Msiuguse," alijibu.

Jioni ile, jikoni, nilimwambia Mama Riziki kuwa kwetu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Alikuwa anakaanga sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, na moshi ulimfanya afumbe jicho moja. "Donc kwenu mutu akikatazwa kuziba, wanasema nini?" aliuliza. Nilichochea makaa. "Uliza injinia akirudi," alisema, "na ukipata ile methali, unipatie na mi." Alicheka, lakini alijua hesabu ilivyokaa kuliko sisi wote. Mji ulikuwa umejaa. Kila chumba kilichokuwa na paa kilikuwa kimechukuliwa na watu waliopoteza nyumba Goma, na wenye nyumba walikuwa wamejifunza haraka kupandisha kodi. Akifungiwa chumba, hakuna pa kwenda mjini. Kungebaki Cyanzarwe.

Basi tukaishi na viraka vile. Ni ajabu jinsi nyumba nzima inavyoweza kupangwa upya na vipande vitatu vya plasta. Watoto walikatazwa kucheza mpira kwenye ngazi. Waliobeba mitungi ya maji walitembea upande wa pili wa baraza, kana kwamba ukuta ungeshtuka. Mimi nilikitazama kiraka cha barazani kila nilipokwenda kazini na kila niliporudi. Hapo ndipo, nadhani, nilipojifunza kutazama kitu kilekile mara nyingi bila kukipamba. Kilikuwa kizima. Cha chumbani kwa Mama Riziki sikukiona, kwa sababu alikuwa amesogeza kabati la vitenge mbele yake. Nilidhani ni kwa ajili ya nafasi.

Sasa lazima nimlete Afande Kagabo. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, amekulia Uganda, akaishi ghorofa ya kwanza upande wa ziwa, na alikuwa nyumbakumi wetu, yaani kiongozi wa kaya zilizotuzunguka. Alikuwa mtu mwema ambaye wema wake ulipitia kwenye amri. Uchafu ulimuumiza kweli kweli, kama wengine wanavyoumizwa na jino. Zilipokuja habari kwamba wakaguzi wa usafi watapita mitaa yote, alituita uani, akasimama juu ya jiwe la kufulia. "My friends," alisema, "hii nyumba imekaa kama kambi. Sisi si wakimbizi tena. Jumamosi ya umuganda, kila mutu hapa. Hakuna story." Mtu mmoja akasema ana mgonjwa. "Mulete na mugonjwa," alijibu Afande, "atashika ndoo." Akanunua chokaa kwa mfuko wake mwenyewe, jambo ambalo baadaye hakuna aliyeweza kumlaumu nalo.

Jumamosi ile ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, mimi nilikuwa nimepangwa kufyeka majani barabarani pamoja na watu wa mtaa wa chini. Niliporudi, jua limeshapanda, sikulitambua jengo. Lilikuwa jeupe. Ngazi nyeupe, baraza jeupe, hata shina la mparachichi uani lilikuwa limepakwa hadi magotini. Afande alisimama katikati ya kazi yake, chokaa kwenye nyusi, akiwa na furaha ya mtu aliyeokoa mji. "Tanzania, angalia," aliniambia. "Clean ni clean." Niliangalia pale nilipozoea kuangalia. Ukuta ulikuwa laini. Nilimuuliza kiraka kiko wapi. "Kiraka gani?" Nikamwonyesha mahali. Akafikiri. "Ah, zile takataka," alisema. "Tulikwangua. Huwezi kupaka chokaa juu ya mavimbe, inakaa vibaya." Kila mpaka rangi mjini kwetu anajua hilo: unakwangua kwanza. Walikuwa wamekwangua kwa bidii, kwa panga na kwa brashi ya waya, kisha wakaujaza ufa kwa udongo na chokaa nzito ili wakaguzi wasiuone. Kwa watu waliokwisha kuishi kambini na madarasani, ukuta safi haukuwa pambo. Ulikuwa jibu. Nani angekumbuka, katikati ya furaha ile, kwamba uchafu fulani ulikuwa umewekwa makusudi? Nilipanda juu. Mlango wa Mama Riziki ulikuwa umefungwa kwa ndani, na nilisikia kisu kikikwangua ukuta, polepole, kikisimama, kikiendelea. Nilibisha. "Napaka," alisema kutoka ndani. "Usiingie, utachafuka."

Wakaguzi walipita, wakatusifu. Kisha mvua zikapungua na injinia akarudi, safari hii na viatu vya mpira. Afande alimpokea mlangoni kama mwenyeji wa harusi na kumtembeza ngazi kwa ngazi. Sisi tulifuata nyuma. Injinia alipapasa ukuta barazani, akapapasa tena, akatugeukia.

"Viraka vyangu viko wapi?"

Majirani walimtazama Afande. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya.

"Injinia, kuna isuku hapa," Afande alisema, akitumia lile neno la Kinyarwanda la usafi kama mtu anayeonyesha kitambulisho. "Tuliondoa uchafu. Na ufa tumeziba, free of charge."

Injinia aliketi kwenye ngazi. Alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama. Nadhani alikuwa anachagua kati ya kucheka na kulia, na kwa adabu yake hakufanya lolote. Akauliza tu: siku ya kukwangua, viraka vilikuwa vizima au vimepasuka? Majirani wakajibu kwa sauti moja, wakipandana maneno: vizima, vizima kabisa, vizima kama yai. Aliyekwangua cha kwenye ngazi aliapa kwa jina la mama yake. Injinia akanitazama mimi. Nilisema cha barazani nilikiona asubuhi ile na kilikuwa kizima. Cha chumbani sikukiona.

"Nani amekuuliza ya chumbani?" Afande alininong'oneza.

"Ameuliza vyote, Afande."

"Nyinyi watu wa Tanzania," alisema, "mnajibu kama mutihani."

Basi injinia akamgeukia Mama Riziki, aliyesimama mlangoni pake juu, mkono kwenye fremu. "Na chako, mama?" Akajibu upesi: "Ilikuwa muzima." Injinia alishusha pumzi. Alisema hana ushahidi wa kufunga chumba cha mtu, wala hana ushahidi wa kukiacha wazi. Atabandika viraka vipya, tutasubiri tena, hadi mvua nyingine zipite. Na safari hii, tafadhali, usafi uruke sehemu tatu. Watu wakapumua. Afande akampiga bega. Mama Riziki akasema kwa kuwa mgeni ametembea toka Kigali, hatarudi na njaa, na sisi tulio karibu tukaalikwa pamoja naye.

Ninakikumbuka chumba kile kilivyokuwa mchana ule. Vitenge vilivyokunjwa kwa rangi, njano na njano, bluu na bluu. Ukuta mweupe bado ukinuka chokaa. Sinia la viazi vya kuchemsha, sambaza wa kukaanga, sombe, yale majani ya muhogo, lililopikwa kwa mawese, na pilipili pembeni katika kifuniko cha chupa. Injinia alikaa kwenye kiti pekee, Afande na mimi kitandani. Mazungumzo yalikuwa ya kawaida. Injinia aliuliza kwa sauti ya mtu anayejaza ukimya ni nani anayeishi chini ya chumba hiki. Nikasema ni mimi, na kitanda changu kipo chini ya hapo hapo alipokaa yeye. Akasema, "Bon," akakunja mikono ya shati. Mama Riziki akaja na birika la maji na beseni ili mgeni anawe. Aliinama mbele yake, akainua birika, na maji hayakuja.

"Injinia, ngoja kwanza," alisema. "Ile ya kwangu ilikuwa imepasuka."

Afande aliacha kutafuna kiazi alichokuwa amekiiba mapema.

"Ilipasuka katikati, toka juu mupaka chini," aliendelea, birika bado mkononi. "Niliona mbele ya umuganda. Njo maana niliweka kabati pale. Siku ya chokaa nikakwangua mi mwenyewe."

"Mpasuko mkubwa kiasi gani?" injinia aliuliza. "Ukucha unaingia?"

"Ukucha inaingia."

"Dakika chache zilizopita ulisema kilikuwa kizima."

"Nilisema. Saa ile ulikuwa kwa ngazi. Sasa uko kwangu, nakupa maji, utakula bintu byangu. Siwezi kulisha mutu na bongo." Hilo ni neno lao la uongo, na alilisema bila kuinua sauti. Kisha akanionyesha kwa kidevu, bila kunitazama. "Na chini kuko mutoto wa watu analala."

Afande alipata sauti yake. "Mama Riziki, unajua unachosema? Chumba kitafungwa. Ungenyamaza tu, finish."

"Najua, Afande. Kuhama, mi nimehama kupita we." Ndipo akamimina maji. Injinia alinawa mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikula kila alichowekewa, na ninaamini alikula kwa heshima tu; mimi nilikuwa nikigeuzageuza sambaza mmoja kwenye sinia. Mama Riziki aliniona. "Kula, Tanzania," alisema. "Samaki haina kosa."

Riziki, hapo ndipo jibu lako lilipo. Hakufukuzwa, hakuiogopa volkano kuliko sisi wengine, wala hakugombana na mtu juu ya jiko. Injinia aliondoa kabati, akachokoa chokaa, akakuta ufa umepanuka kama mama yako alivyosema. Chumba chenu kikafungwa. Mimi nilihamishiwa stoo ya Afande hadi mafundi walipomaliza. Walipunguza ukuta wa juu, wakapitisha vyuma kutoka upande hadi upande na kuvikaza nje kwa mabamba makubwa yenye umbo la msalaba, ambayo leo watalii huyapiga picha wakidhani ni ya kanisa. Chumba chenu hakikurudishwa kuwa cha kulala. Mwenye jengo alikifanya ofisi, na baada yake zimepita ofisi nyingi. Siku mliyohama, Afande alishusha godoro lile unalolikumbuka, peke yake, akakataa msaada wa mtu yeyote, na hakusema neno la Kiingereza hata moja hadi gari lilipoondoka. Kosa lake la usafi lilizungumzwa mjini kwa miaka kama kichekesho, na yeye mwenyewe alilisimulia vizuri kuliko wote. Ya mama yako hakuyasimulia, na hiyo ndiyo sababu leo kuna majibu matatu chini ya turubai.

Lakini kuna kipande kimoja ambacho si cha jengo, na bila hicho ningekuwa nimekuandikia hadithi nzuri kuliko ilivyokuwa. Mwaka ule ulipokaribia kwisha nilipanda pikipiki nikaja Cyanzarwe na sukari na sabuni. Nilimkuta mama yako nyuma ya nyumba ya shemeji yake, kwenye kigoda, akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda kidogo. Ulikuwa shuleni. Nilikuwa nimebeba jambo moja tangu mjini na nilishindwa kusubiri salamu ziishe. Nilimwambia kwamba injinia amerudi mara ya mwisho, viraka vyote vipya alivyobandika baada ya kazi ya vyuma ni vizima, na kwamba nilimuuliza injinia wazi kama ukuta ule ungeanguka bila vyuma. Injinia alijibu kwa ukweli kwamba hajui. Huenda ungeanguka wiki iliyofuata. Huenda ungesimama hivyo hivyo miaka yote. Nilisema hayo nikiwa nimesimama, mfuko wa sukari mkononi, na nikaongeza kile nilichokuja kusema hasa: kwamba huenda alipoteza chumba chake kwa ajili yangu bure, na kwamba mimi sijui nitamlipa nini.

Aliendelea kuchambua. Aliokota kijiwe, akakitupa kwa kuku.

"Nani alikuambia nilihama juu yako?" alisema. "Kaa chini, unanifunikia jua."

Nilikaa.

"Sikiliza, mutoto. Mbao za ile nyumba ni nyembamba. Tangu kiraka ipasuke, mi nilikuwa nasikia kila kitu ya kwako. Unakoroma, we. Hawakukuambia? Unakoroma mubaya, kama mutu mukubwa ya tumbo." Alinitazama kwa mara ya kwanza, kuona kama nimeona haya. "Ukikoroma, nalala. Ukinyamaza, naamuka, nashuka kwa kitanda, naweka sikio kwa sakafu, nangojea uanze tena. Siku zote. Sasa nambie, ni chumba gani ile?"

Akasogeza ungo ukakaa kati yetu, ili nichambue na mimi.